Mkono wa Mama wa Vitambaa

Mama wa vitambaa hakuwa mtu wa kukupa kiganja. Ukimnyoshea mkono, alikunja vidole vyake kwa ndani na kukupa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyetoka kusonga ugali au kuosha matumbo ya kuku. Kwetu Kabras hiyo ni heshima, maana yake mkono wangu si safi, nishike hapa. Watu walimshika hapo. Na kwa kuwa salamu za kwetu hazina haraka, walikishikilia kifundo hicho hadi waulize habari ya watoto, ya ng'ombe na ya mvua. Yeye alitabasamu, meno yamebanana. Kijiji kizima kilimsifu kuwa ni mwanamke asiyepumzika, kwa sababu kila ukimkuta mkono wake uko kazini.

Hakuna aliyejiuliza mbona mkono huo hauna unga wala maji. Nilikuja kujiuliza mimi, na sioni haya kulisema, kwa kuwa jambo hilo nililisomea. Nilitoka Kabras na sanduku la mbao na viatu vya kuazima, nikarudi na diploma ya tiba ya viungo niliyoipata ng'ambo. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Wengine walirudi kutoka huko na suti tu. Mimi nilirudi na kazi katika hospitali kubwa ya mjini, na diploma yangu niliitundika sebuleni kwa mama yangu, juu ya redio, ili mgeni yeyote akiketi aione apende asipende. Mama wa vitambaa alipoletwa kuitazama aliinama karibu na kioo, akaikagua kutoka pembe hadi pembe, halafu akasema, "Fremu ni nzuri. Ila hapa chini panataka kitambaa."

Na kitambaa akakileta. Bado ninacho.

Ile ilikuwa miaka ya miwa. Watu walipanda miwa hadi nyuma ya choo. Matinga yalipita mchana kutwa yakivuta matrela yaliyofurika, na watoto wa shule walijua kona ambayo trela likiyumba huangusha bua moja au mawili. Mkulima akishalipwa, kitu cha kwanza kuingia nyumbani kwake kilikuwa seti ya makochi. Niliwahi kuona makochi yakirudi kijijini juu ya trela lile lile lililokwenda na miwa, na mwenye nayo ameketi katikati yake kama bwana harusi. Na kochi bila kitambaa, kwa macho ya akina mama wa kwetu, lilikuwa uchi. Palitakiwa kitambaa cha mgongo, vya mikono, cha meza, cha redio, hata cha mtungi wa maji. Vyote hivyo vilifumwa kwa kroshia na mwanamke mmoja aliyeketi kwenye kigoda mlangoni pake, sindano yenye ndoano mkono wa kulia, uzi mweupe ukipita kati ya vidole vya mkono wa kushoto. Waliagiza kutoka Malava na Chekalini. Hata wenye mahindi wa Likuyani, ambao hawakuwa na bua moja la muwa, walikuja kuagiza ili wasiachwe nyuma.

Ungedhani nyumba yake ilikuwa imejaa maua ya uzi. Haikuwa na hata moja. Viti vyake vilikuwa mbao tupu, vimeng'aa kwa kukaliwa. Nilimwuliza siku moja, "Mama, mbona kwako viti viko uchi?"

"Mwanangu, matako ya mzee wangu yanajua kazi yao," alijibu bila kuinua macho. "Hayahitaji maua."

Mzee wake alikuwapo, akicheka. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa miwa kama wengine, na mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alimwogopa mkewe waziwazi na hakuona aibu kwa hilo.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, mama huyu. Aliishi katikati ya sukari na hakutia sukari kwenye chai. Kisa ni kwamba akina mama wa kanisa walipelekwa kutazama kiwanda cha sukari, na tangu siku hiyo, alisema, "Ile harufu hunishikanga hapa kooni mpaka leo." Kanisani aliimba sauti ya pili kwa nguvu, lakini akiombwa kuomba alisimama, akasema, "Bwana, wewe unajua. Amina," akaketi. Mchungaji alimwomba mara kadhaa aongeze kidogo. Akamjibu kwamba Mungu si mgeni wa kusimuliwa.

Wasichana waliokuja kujifunza kwake aliwafundisha bure. Lakini ua lake kubwa, lile lililofanana na jani la mhogo, hakulionyesha kwa mtu. Waliomsihi aliwatupia kitambaa kilichokwisha kufumwa na kuwaambia, "Fumueni mtaona." Yeye mwenyewe alijifunza hivyo. Akiwa msichana wa kazi kwa mmishonari, alikifumua kitambaa cha mke wa mmishonari uzi hadi uzi ili ajue kilivyoanza. "Nilichapwa," alisema, "lakini nikajua." Niliposikia hivyo nilimpenda. Nami nilijisomea hivyo hivyo, kwa vitabu vya wenye navyo. Sisi wawili tulikuwa kabila moja.

Kuhusu ugonjwa wake, niliujua tukiwa matangani kwa jirani. Ilikuwa asubuhi, watu wamejipanga kusalimiana, nami nikafika mbele yake. Akanipa kifundo kama kawaida. Nilikishika, kidole gumba changu kikaangukia katikati, pale chini ya kiganja, nikafinya kidogo tu kama mtu anavyomfinya mtu wa kwao. Akaruka kama aliyeguswa na umeme.

"Umenichoma na nini wewe?"

"Sijakuchoma, mama. Nimekusalimu."

"Hiyo si salamu. Hiyo ni nyuki."

Mwili wangu ukasisimka, maana hiyo ndiyo alama tuliyofundishwa. Gonga au finya hapo, na ikiwa neva imebanwa, mgonjwa atasikia mshtuko ukikimbia hadi vidoleni. Nilimwomba tusogee nyuma ya ghala. Alipopandisha mkono wa sweta nikaona jambo la pili. Kifundo kilikuwa kimezungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, umekazwa hadi nyama imejaa pande zote mbili.

Kwetu mpira huo ni dawa. Kichwa kikiuma, watu hufunga mpira. Kiuno, goti, kifundo cha mguu, vyote mpira. Kinachouma kimelegea, ndivyo wanavyosema, na kilicholegea hukazwa. Wakata miwa walivaa mipira hiyo mikononi kama bangili. Hata mama yangu, mzazi wa mwenye diploma, alikuwa na wake chini ya godoro.

"Ni wa tangu lini huu?"

"Tangu mkono ulegee. Naangushanga vikombe. Nikiufunga napata nafuu kidogo, halafu unalala kabisa."

"Vidole gani vinalala?"

Akavionyesha: gumba, cha shahada, cha kati. Kwenye cha pete akasita. "Hiki sasa utanicheka. Nusu hii imelala, nusu hii iko macho."

"Sikucheki. Na kidogo?"

"Hiki kidogo? Hiki kizima kabisa. Nadhani ugonjwa ulikidharau."

Wapo watakaosema nilibahatisha. Sikubahatisha. Neva inayopita katikati ya kifundo huhudumia vidole vitatu na nusu ya cha nne, na kidole kidogo kina neva yake inayopita njia nyingine. Mgonjwa akikuonyesha nusu ya kidole, amekusomea ugonjwa mwenyewe. Nikamwuliza kama huamka usiku mkono ukiwaka moto, ikambidi aukung'ute hewani kama anayetoa maji. Akanitazama kwa mshangao na kuuliza ni nani aliyenieleza. Nikamwuliza kama ana kisukari, kwa kuwa nacho huleta maradhi haya, akasema na chai yake ile kisukari angekitoa wapi. Kisha nikavilaza viganja vyake viwili kando kando juani. Kile kinofu kilichoko chini ya gumba kilikuwa kimejaa kwenye mkono wa kushoto. Kwenye wa kulia kilikuwa kimebonyea.

Nilimweleza kwa lugha yake. Chukua upindo wa sketi, nikamwambia, ule unaopitisha kamba kiunoni. Kifundo chako kina upindo kama huo. Chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu, na ndani zinapita kano za vidole pamoja na neva moja laini. Ukishika sindano nyembamba na kuikunja mikono siku nzima, mwaka baada ya mwaka, kano zinavimba. Upindo haupanuki. Anayeumia ni yule laini.

Alifikiri. "Na mimi nimeukaza kwa nje."

"Umeukaza kwa nje, mama."

Akaufungua mpira mwenyewe, raundi kwa raundi, akauangusha chini, akausukuma kwa mguu.

"Nisipofanya kitu?"

Sikumficha. Nilimwambia kwamba neva ikibanwa muda mrefu hufa. Mkono utabaki na nguvu ya kubeba ndoo, ila hautajua umeshika nini.

"Hautajua uzi?"

"Hautajua uzi."

Tulirudi matangani, na nilimwona ameketi na akina mama wenzake, mkono wa kulia juu ya mapaja, kidole cha kushoto kikipapasa vidole vya kulia kimoja baada ya kingine.

Dawa ya kwanza ya maradhi hayo ni kukiacha kifundo kinyooke, hasa mtu alalapo, kwa sababu usingizini tunaikunja mikono bila kujua. Ng'ambo tulikuwa na vibao maalumu vya kufungia. Kabras nilichukua mwiko wa ugali wenye ubapa, nikaukata kipini, nikaupiga msasa, nikauzungushia pamba na kumfunga nao kwa bendeji, bila kukaza. Nathubutu kusema haukuwa na kasoro ukilinganisha na vile vya ng'ambo. Sindano yake ya kroshia niliinenepesha kwa kuizungushia kitambaa, ili vidole visibane sana. Nikamwagiza akimaliza ua moja aweke chini, anyoshe vidole, aende hata akatazame kuku.

Mzee wake alikuja kunishtaki kwa mama yangu.

"Huyu mtoto wako amenitenda. Sasa nalala na mwanamke mwenye mwiko. Nikikoroma ananigonga!"

"Basi usikorome," mama yangu akamwambia.

"Mama, nikikoroma ndio najua niko hai!"

Lakini mtu yule yule, niliposema kwamba kukamua nguo kunaumiza kifundo kuliko hata kroshia, alichukua mablanketi akaenda nayo mtoni mwenyewe. Wazee wa rika lake walimkuta huko akiyakamua kama anayenyonga chatu. Wakamwita mama wa mablanketi. Aliwajibu kwa ile sauti yake kwamba wao mikono ya wake zao huiona tu sahani inapowekwa mezani. Maneno hayo yalizunguka Kabras nzima, na kuna nyumba ambamo hayakupokelewa vizuri.

Mkono ulianza kutulia. Halafu malipo ya miwa yakatoka, na makochi yakaja kwa msururu. Akina mama walisimama mlangoni pake kutoka asubuhi, kila mmoja akisema chake ni cha haraka, ana harusi, ana wageni wa mahari. Hakuwa na ulimi wa kukataa. Mtu aliyemkatalia mchungaji sala ndefu hakuweza kumkatalia mwanamke kitambaa cha meza. Mwiko ukarudi jikoni. Nilipita nikamkuta anafuma, nikamkaripia.

"Wewe una karatasi ukutani," akaniambia. "Karatasi haichakai. Mimi nisipofuma watu watasahau kwamba nipo."

Nilimfunga bendeji upya, naye akaifungua nilipoondoka.

Kisha akaja siku moja nyumbani kwa mama yangu, mchana, amebeba kitambaa kimekunjwa. Alikikunjua mezani. Kilikuwa ua la jani la mhogo, kubwa, limekaribia kwisha, na kando yake palikuwa na madoa mekundu kama mbegu. Katika maisha yake hakuwahi kuacha hata vumbi liguse uzi mweupe. Aliosha mikono kabla ya kuugusa kama anayekwenda kupokea meza ya Bwana.

"Hii damu ni yangu," alisema, "na sijui imetoka wapi."

Mama yangu akakaa chini. Nilikichukua kiganja chake, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha hadi nikaona tundu dogo kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ndoano ilikuwa imeingia humo, labda zaidi ya mara moja.

"Hapa," nikamwambia, nikabonyeza. "Unasikia?"

"Nakuona tu ukibonyeza."

Nilimwambia imebaki njia moja, kukata ule utepe ili neva ipate nafasi. Alikuwa amekwisha sikia maneno ya watu, kwamba mkono uliopasuliwa hukauka kama bua la muwa lililosahauliwa shambani.

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na ile diploma?"

"Itabaki ukutani, mama."

"Ungekuja nayo," alisema. "Daktari aione."

Daktari wa upasuaji alikubali niingie naye. Walimtia ganzi mkononi tu, mwenyewe akawa macho, nyuma ya pazia la kijani. Nilikaa upande wa kushoto na kuushika mkono uliokuwa mzima. Alinibana kwa nguvu ya mtu aliyelima maisha yake yote, na hapo nilipata kiganja chake kwa mara ya kwanza, kigumu, kikavu. Aliomba sala yake fupi. Daktari alipoanza kushona, akachungulia kando ya pazia.

"Daktari, samahani."

"Ndiyo, mama."

"Nafasi za nyuzi zako hazilingani."

Yule daktari alicheka hadi akasimamisha sindano, akamwomba radhi, na nyuzi tatu za mwisho akazishona kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumwona akishona.

Moto wa mkono uliisha mara moja. Hilo nililiahidi, na nililitimiza. Alilala usingizi wa hadi jogoo kuwika, na mzee wake alitangaza habari hiyo kanisani bila kuulizwa. Lakini vidole vilikaa kimya. Nilimfundisha kuvikunja na kuvikunjua, nikamfundisha kutumia macho mahali pa ngozi, asishike kitu chenye ncha asichokiona. Siku moja alilalamika kwamba siafu wanatembea ndani ya kidole cha kati. Nilifurahi kuliko yeye, maana neva inayoota huwasha. Baadaye siafu wakaondoka, vidole vikabaki kama mbao. Kitambaa kile chenye madoa alikiosha, akakikunja, hakukimalizia. Wasichana aliowafundisha wakachukua wateja wake.

Kabla sijauona mwisho wa jambo hilo nilihamishiwa Nyeri. Niliondoka nikijua nilifanya yote yaliyofundishwa, na zaidi, na bado njiani nilijikuta nikipapasa ncha za vidole vyangu.

Nilirudi kwa likizo wakati wa kiangazi, mwaka mmoja na kitu baadaye. Walikuwa wanachoma miwa kabla ya kukata, na majivu meusi yalielea hewani na kutua kwenye mabati. Nilikuwa nimenunua koti jipya, nikaenda nalo kwao kwanza kabla halijachafuka. Nilimkuta jikoni, ameketi karibu na mafiga, amembeba mjukuu aliyelala kwenye mkono wa kushoto. Mzee alikuwa amechuchumaa anafukua viazi vitamu majivuni kwa kijiti.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Ee, koti! Nyeri kuna baridi au kuna majivuno?"

"Vyote viwili, mama."

Akacheka, akaniuliza kama nimeoa, akanilaumu kwa kukonda. Sikuuliza habari za mkono. Niliutazama tu ulivyolala juu ya goti, kovu limefifia, kinofu cha gumba bado kimebonyea. Aliniona nikiutazama.

"Hauumi," alisema. "Unanyamaza tu."

Mzee alikipata kiazi kizuri, akakipangusa majivu kwa shati lake, akamnyoshea mkewe. Mkono wa kushoto ulikuwa umembeba mtoto. Akakipokea kwa wa kulia, bila kufikiri, huku akinieleza habari za mtu fulani aliyekunywa malipo yote ya miwa.

Akakata maneno katikati. Kiazi kikaanguka kati ya mafiga.

"Pole!" mzee akasema. "Pole, pole sana, nilidhani kimepoa..."

"Nyamaza."

Mama aliuinua mkono ule mbele ya uso wake akautazama kama anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Kidole gani?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya mtaalamu.

"Hiki," alisema taratibu. "Na hiki. Na hiki pia, kidogo."

Nikampokea mtoto, maana bibi yake machozi yalikuwa yamemjaa na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Lakini hakuyafuta. Aliinama, akakiokota kiazi kutoka majivuni kwa mkono ule ule, akakishika hadi akashindwa, akakiacha kianguke mapajani, akakishika tena.

"Utaungua, mama," mzee akasema.

"Niache kwanza."